Kitenge Ambacho Sikukiona

Kwaruu. Kiti cha plastiki kinaburutwa kwenye sakafu ya saruji. Sauti hiyo ninaisikia hata sasa, ila sijui kama niliisikia mara tatu au mara saba, maana siku hizi nikitaka kusema "nakumbuka" najiuliza kwanza. Lakini kiti kilisogea, hilo naliapia. Kila nilipomwambia afande "sikumbuki", alikisogeza karibu yangu kidogo, mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Hakunifokea. Aliniagizia na soda.

Wakati huo nilikuwa najifunza ufundi katika duka la kushonea la Mwisenge, hapa Musoma. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto hazikuishia hapo. Nilitaka niwe mtangazaji wa redio. Nikikanyaga cherehani nilikuwaga natangaza kila anayepita: "Wasikilizaji, mama mwenye gauni la njano anachungulia dirishani, hajaamua bado." Fundi viatu aliyekuwa anakaa barazani kwetu alicheka mpaka sindano ikamchoma. Alikuwa mtu wa Bukima, umri wa mjomba wangu, nami nilimwita anko. Yeye aliniita Redio.

"Redio, leo kuna habari gani?"

"Habari ni kwamba anko hajaoga."

"Zima hiyo, betri imekwisha."

Wiki ile tulikuwa tunashona sare za harusi ya Butiama, vitenge vya kijani vyenye maua meupe, kila ndugu wa kike na kipande chake. Mchana mmoja bosi hayupo, nikatoka kununua maandazi, nikaacha mlango wazi. Nikiwa narudi niliona kwenye kona mgongo wa mwanaume anatembea haraka. Mgongo tu. Kuingia dukani, kichwa cha cherehani kubwa hakipo. Anko naye hayupo barazani. Bosi alipokuja akahesabu vitenge, kimoja kimepungua.

"Binti yangu, funga macho," afande aliniambia pale kituoni. "Rudi kwenye ile kona. Huyo mtu unamfahamu?"

"Sikumbuki, afande."

Kwaruu.

"Urefu wake ni kama wa fundi viatu, au mfupi?"

"Mrefu. Kama yeye hivi."

"Sasa cherehani haibebwi mkononi kama kuku. Aliifunga na nini?"

Nikakifikiria kile kitenge kilichopungua. Na nawaambieni ukweli, macho yangu yakiwa yamefungwa, nilikiona. Cha kijani, maua meupe, ncha inaning'inia kiunoni kwa anko. Nikakitangaza. Nikaongeza na fundo lilivyofungwa. Afande aliandika haraka, na kiti hakikusogea tena. Nilitoka pale nimefurahi, najiona binti mwenye akili. Hiyo furaha ndiyo inayonichoma kuliko yote.

Anko alikamatwa siku hiyohiyo. Siku ya tatu bosi alirudi kutoka kituoni akasema, "Amekiri. Kwa mdomo wake, kwamba aliifunga na kitenge chetu." Cherehani yenyewe haikupatikana, eti aliiuza kwa mtu asiyemjua. Hakuna aliyeshangaa. Mtu akishakiri, nani tena anauliza?

Wiki iliyofuata nilitumwa Bunda kwa mama anayetudarizia shingo za magauni. Sisi mashine ya kudarizi hatuna, kwa hiyo vitambaa tunavifunga kwenye mfuko, tunampa konda wa basi, na yule mama anavipokea stendi. Alinikabidhi kazi yote, na juu yake kitenge cha kijani kimekunjwa.

"Na hiki, mama?"

"Cha mama mzaa bwana harusi. Si ulikituma wewe, ukanipigia na simu kwamba shingo iwe na nyota?"

Nikakaa chini palepale. Nilikituma asubuhi ya siku ileile ya wizi, nikampa konda kwa mkono wangu, nikasahau kabisa. Kitenge hakikuibwa. Kwa mtu yeyote sikukiona. Sasa anko aliwezaje kukiri jambo ambalo halikutokea? Alikuwa amelipata kwangu. Maneno yangu yalipelekwa chumba cha pili, yakarudi na sahihi yake.

Niseme yote. Kitenge kile nilikificha chini ya godoro siku mbili, na anko yuko mahabusu. Siku ya tatu ndiyo nikakipeleka kituoni.

"Mwanzo ulikiona, leo hukukiona," afande alisema. "Kesho je?"

"Kesho nitasema hivihivi, afande. Niliona mgongo."

"Unajua naweza kukuweka ndani wewe?"

"Najua."

Akaandika. Safari hii polepole sana.

Kesi ilifutwa, anko akatoka, lakini barazani hakurudi. Nikamfuata Butiama, kwa dada yake alikohamia na familia. Mkewe aliniwekea ugali wa muhogo na samaki, nikausogeza kando. Nikapiga magoti.

"Inuka, Redio," anko alisema. "Hawakunipiga. Walinisimamisha tu, huyu akichoka anakuja mwingine, wananisomea maelezo yako. Na siku ile nilikuwa nimeonja gongo, nikalala nyuma ya kwa kinyozi, sijui hata saa ngapi niliamka. Nikajiuliza, huyu mtoto hajawahi kunisema vibaya, anidanganyie nini? Siku ya pili na mimi nikaanza kukiona hicho kitenge."

Mkewe alikuwa anachambua mboga. "Nilivyompelekea chakula aliniambia, mama watoto, huenda ni mimi. Namuuliza umeiuza wapi, hajui. Nikacheka. Nilidhani ananitania."

"Rudi Mwisenge, anko," nilisema. "Kesi si imefutwa?"

"Imefutwa polisi. Majuzi nilipita pale kuchukua vifaa vyangu, mama mmoja akakumbatia mkoba wake. Ninayemshonea viatu miaka yote. Kukiri kwangu walikusikia wote, Redio. Kufutwa nani amekusikia?"

Nilirudi Musoma jioni hiyo, sikumtangazia mtu chochote.

Asubuhi yake nilifika dukani mapema, maduka yote ya barazani bado yamefungwa. Nikatoa chaki ya kukatia nguo. Mlango wetu ni wa bati la bluu, chaki haikamati vizuri, ikabidi kila herufi niipitie mara mbili: FUNDI VIATU HAKUIBA. NILISEMA NILIMWONA, SIKUMWONA. Chini yake nikaandika jina langu, lote, pamoja na la baba.