Baba Yuko Nyuma Yangu

Mume wangu hukohoa. Si ugonjwa. Tangu mwanetu alipooa na kujenga nyumba yake chini ya yetu, karibu na migomba, mume wangu hapiti njia ile kabla hajakohoa kutoka mbali, ili mke wa mwanetu ajue baba mkwe anakuja, ajifunge leso vizuri, au aingie ndani kama alikuwa ananawa miguu. Sisi Wakisii tunaiita chinsoni. Ni heshima, lakini heshima yenye aibu ndani yake. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hampi mkono mke wa mwanawe. Hawagusani hata kwa bahati mbaya, na bahati mbaya ikitokea haisemwi mbele za watu.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Huwa naandika kidogo jioni, mambo ya mvua na majani chai na nani amezaa. Haya ya mchujo nimeyaandika nikayachana, kwa sababu kila nikiyasoma naona nimemwonea mtu. Leo najaribu tena. Nikikosea, nimekosea kwa kutojua, si kwa kutaka.

Chama ambacho kadi yake iko karibu kila boma upande wetu wa Magwagwa kilikuwa kinatafuta mtu wa kukipeperushia bendera ya urais. Waliobaki walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa kanisa, mume wa mke mmoja, haonji pombe, na kila aliposimama kuhutubia alisema taifa ni nyumba nyingi zilizopangwa pamoja, na nyumba zikioza hakuna taifa. Wa pili alikuwa amemwacha mke wa pete akaoa msichana, alikuwa na sehemu yake katika biashara ya kamari za simu, na alipoulizwa juu ya kutoa mimba alijibu kwamba hayo tuwaachie wanawake na daktari wao. Lakini niseme na hili: bei ya majani chai ilipoanguka, huyo wa pili ndiye aliyekuja kukaa nasi kwenye nyasi akatusikiliza. Yule wa kwanza alituma salamu.

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Sabato moja alisimama mbele akasema neno ambalo watu walilibeba mpaka sokoni Kebirigo. Alisema, "Anayesimama nyuma ya mtu amesimama nyuma ya dhambi zake." Maana mchujo ulikuwa wa mlolongo. Hakuna karatasi wala sanduku; unapanga mstari nyuma ya picha ya mgombea wako, unahesabiwa mchana kweupe. Halafu akawaomba walimu wa shule ya Sabato ya watoto, kwa kuwa ndio wanaolea roho changa, wainue mikono waahidi mbele ya kanisa kwamba watasimama nyuma ya yule wa kwanza. Waliinua wote, na mke wa mwanetu akiwa kati yao.

Darasa lile la watoto lilikuwa maisha yake. Mume wake ni fundi wa magari Nakuru, huja mwisho wa mwezi, mwezi mwingine haji. Lakini Sabato asubuhi ungemwona akipanda mlima, picha zake za Nuhu na Danieli amezikunja kwapani, watoto wa ukoo wetu na wa koo nyingine wakigombania nani atamshika mkono. Nilisikia mama mmoja akisema mtoto wake mkaidi hula mboga kwa sababu mwalimu wa Sabato amemwambia Danieli alikula.

Mimi nilikubaliana na mume wangu, na kwa sehemu kubwa bado nakubaliana naye. Nimemzika mtoto wa dada yangu aliyekunywa dawa ya kupe baada ya kamari kumlia karo. Sioni kwa nini nimpe urais mtu anayenenepa kwa machozi kama hayo. Lakini jirani yetu, ambaye ni Mkatoliki, aliniyumbisha siku moja tukingoja lori la majani chai.

"Mzee," alimwambia mume wangu, "hata padri wetu anakataa kutoa mimba. Hapo tuko pamoja. Lakini nikuulize, wewe unachagua rais ama unachagua mkwe?"

"Mtu aliyeshindwa na nyumba moja," mume wangu akajibu, "utampa kaunti arobaini na saba?"

"Na Daudi je? Huyo angepita kwa mchujo wenu?"

"Daudi alitubu."

"Alitubu akiwa tayari amekalia kiti!"

Watu walicheka mpaka mwingine akaangusha kikapu. Mume wangu pia alicheka, kidogo. Hakuwa mtu mbaya siku ile, na sisemi ni mtu mbaya leo.

Mchujo uliwekwa Ijumaa, katika uwanja wa shule. Maofisa wa chama tuliambiwa watafika asubuhi. Walifika kutoka Kisii jua likiwa limeshaanza kuinama. Kwa Wakatoliki hilo lilikuwa usumbufu tu. Kwa sisi Wasabato lilikuwa jambo zito, kwa sababu jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na hakuna siasa, hakuna kupiga foleni. Mstari wetu ulikuwa wa watu wa kanisa watupu, na kila mmoja alikuwa anatazama kilima cha magharibi.

Karani alikuwa kijana mpole kutoka upande wa ziwa, hajui Ekegusii hata cha kuombea maji. Alipaza sauti kwa Kiswahili, "Mkia ukifungwa umefungwa! Aliye nje ya laini hahesabiwi!"

Mume wangu alikuwa akitembea kando ya mstari akituharakisha. "Karibianeni! Kifua kwa mgongo! Jua linatuacha!"

"Songeni, watakatifu!" wakatupigia kelele wale wa mstari wa pili. "Malaika wanafunga geti!"

Kisha filimbi ikalia. Mume wangu alikuwa bado nje. Akajitupa katika nafasi ya kwanza aliyoiona, na wanaume waliokuwa nyuma wakasukuma kuifunga.

Mimi nilikuwa mbele, karibu na picha ya mgombea. Nilisikia mtu akikohoa. Kikohozi kile ningekijua hata katikati ya mnada wa ng'ombe. Nikageuka. Mume wangu alikuwa mgongoni mwa mke wa mwanetu, mikono ameiinua juu kama mtu anayevuka mto, na wanaume wanamsukuma. Kama waligusana sikuona. Siwezi kuandika nisichoona. Nilichokiona ni shingo ya yule msichana ikikakamaa. Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka, kwa sababu alikuwa amekisikia kikohozi kile kila siku tangu aolewe. Akatoka kwenye mstari kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama, rudi kwa laini!" karani akasema.

"Siwezi. Baba yuko nyuma yangu."

"Baba yako akiwa nyuma ndiyo nini? Ingia laini, tunahesabu!"

Alitazama mkia wa mstari wetu, ulikuwa umefungwa. Akabaki amesimama katikati ya uwanja peke yake. Kijana mmoja wa usalama wa chama akamshika mkono akamsogeza palipokuwa na nafasi, na palipokuwa na nafasi ni katika mstari wa yule wa pili.

"Karibu kwa wenye dhambi, mwalimu!" wakamshangilia. Simu ikainuliwa, ikampiga picha.

Pale kwetu mgombea wa kanisa alishinda. Tulikimbia nyumbani tukiimba. Kesho yake, ingawa ilikuwa Sabato, picha ilikuwa imefika kanisani kabla yetu.

Hapa ndipo neno lilipotuponza. Kwa Kiswahili, baba ni baba. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Mke wa mwanetu alimjibu karani kwa Kiswahili kwa sababu karani alikuwa mgeni. Wanawake waliokuwa mbele yake, ambao hawakugeuka, walimsikia kwa masikio ya nyumbani. Kwao alisema kwamba mimi, mama mkwe wake, ndiye niliyekuwa nyuma yake. Na kati ya mwanamke na mama mkwe hakuna chinsoni ya kumtoa mtu kwenye mstari. Kwa hiyo wakasema ni chuki, ama ni kisingizio cha mtu aliyekuwa na mgombea wake moyoni tangu zamani. Siwalaumu. Walisikia walichosikia. Wanaume waliokuwa nyuma ya mume wangu waliona, lakini wao pia wana wake wa wana wao, na jambo kama lile wangelisemaje?

Nilishuka kwake Jumapili asubuhi. Alikuwa anamenya ndizi.

"Baba," aliniita, kama anavyoniita siku zote, "usiseme."

"Watakunyang'anya darasa la watoto."

"Likitajwa, tata atanitazamaje tena?"

"Hakutazami hata sasa."

"Ndiyo maana tumeishi vizuri," akasema, akaendelea kumenya.

Nikarudi juu. Mume wangu alikuwa ananoa panga.

"Ulikuwa nyuma yake," nikasema.

"Nilikohoa."

"Najua ulikohoa. Mbona hukutoka wewe?"

"Mzee wa kanisa atoke kwenye mstari wa haki, mkia umefungwa, watu wote wanatazama? Wangesemaje?"

"Na yeye wamesemaje?"

Alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. Nimewaza sana kwamba huenda hakuweza kutoka, kwa jinsi walivyokuwa wamembana. Yeye ni mnyonge wa mwili. Yeye mwenyewe hakusema hivyo, mimi ndiye ninayemsemea.

Baraza la kanisa likakaa alasiri hiyo. Mchungaji wetu, ambaye ana makanisa mengi, hakuwepo. Baadaye nilisikia hakupenda kanisa lijifunge kwa mgombea yeyote. Aliyeongoza ni mzee mwenzake na mume wangu, mtu wa maneno machache, na niseme ukweli, aliongoza vizuri. Alisema kanisa halimhukumu mtu kwa kura yake. Linauliza tu kama mtu aliyeinua mkono mbele za Mungu na watoto, kisha akaenda kinyume, anaweza kuwafundisha watoto kweli.

Mama mmoja akasimama kushuhudia. Ni mtu mwaminifu, mimi na yeye tumeimba sauti moja kwenye kwaya ujana wetu wote. "Alisema baba yuko nyuma yake," akasema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Kama hampendi mama mkwe wake hayo ni ya nyumbani kwao. Lakini mtu hakimbilii dhambi kwa sababu ya mama mkwe."

Nikasimama. "Mimi sikuwa nyuma yake," nikasema. "Nilikuwa mbele. Karani mwenyewe angewaambia."

"Basi nyuma yake alikuwa nani, mama?"

Aliuliza kwa upole. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la wazee, anatazama viatu vyake. Wanaume wawili watatu nao wakaanza kutazama viatu vyao. Nilifungua mdomo. Naamini ningesema. Lakini sina uhakika, kwa sababu mke wa mwanetu alisimama akaniwahi.

"Nilihama kwa kupenda kwangu," alisema kwa Ekegusii. "Msimsumbue baba."

Na mara hii kila mtu alimwelewa sawasawa.

Wakapiga kura kwa mikono. Apewe karipio, asifundishe watoto. Mikono ikapanda. Yangu haikupanda, na haikubadilisha kitu. Mkono wa mume wangu ulikuwa wa mwisho, lakini ulipanda. Kama ungebaki chini, watu wangejiuliza kwa nini, na wangefika pale ambapo yule msichana hakutaka wafike. Labda alikuwa anamlinda. Labda alikuwa anajilinda. Naandika yote mawili kwa sababu sijui.

Mwanetu alipiga simu kutoka Nakuru. Kijijini walikuwa wameshamtumia picha. "Mama, akae kwao kidogo, watu wasahau," alisema. Nikamwambia hakuna la kusahau, mke wake hana kosa. "Kama hana kosa mbona alikubali mbele ya kanisa?" Nikakosa neno ambalo mama anaweza kumwambia mwanawe juu ya baba yake na mke wake. Chinsoni ilinifunga mdomo na mimi. Kaka wa yule msichana alikuja kutoka Suneka akamchukua yeye na mtoto wake. Picha za Nuhu na Danieli aliziacha kwangu, zimefungwa kwa uzi.

Kisha, kabla ya mavuno ya mahindi, wale wagombea wawili walisimama jukwaa moja, wakashikana mikono. Wetu alikuwa ameshindwa huko kwingine. Akakubali kuwa naibu wa yule wa kamari. Alisema ni kwa ajili ya umoja. Huenda ni kweli, sijui mambo ya wakubwa.

Jirani Mkatoliki alikuja mpaka kwenye ua. Safari hii hakucheka. "Mzee," akasema, "sasa tunasimama nyuma ya nani?"

Mume wangu akamwambia ng'ombe wanahitaji majani.

Nyumba ya chini ina kufuli. Migomba imeanza kulalia paa, na hakuna wa kuipogoa. Jana asubuhi mume wangu alishuka na panga lake kukata majani ya ng'ombe, nami nilikuwa mlangoni nikimtazama. Alipofika pale njia inapopinda alisimama. Akakohoa. Akangoja kidogo, kama anavyongoja siku zote, kisha akapita.