Koroga Upande Mmoja

Nikifungua shampuu, chini ya manukato huja harufu ya slesi, ile dawa nzito kama ute inayotoa povu. Mie mtu wa kukaa ndani, safari zangu ni za pua tu, na hii hunirudisha uani kwetu Mwananyamala.

Mama alikuwaga anatengeneza sabuni ya maji kwenye ndoo. Asubuhi ile aliniachia mwiko, akampelekea baba uji hospitali.

"Koroga upande mmoja," alisema. "Ukigeuza mkono, sabuni inakatika, inabaki maji tu. Na kwa uvivu wako huo!"

"Sigeuzi, mama."

Nilikoroga mpaka bega likafa ganzi. Nikageuza. Mizunguko mitatu tu, kisha nikarudi upande wa kwanza.

Geti likalia, akaingia shangazi. "Acha mwiko, mwanangu. Baba yako ametutoka."

"Mama kasema nisiache," nikamjibu, nikaendelea kukoroga. Alinitazama kidogo, kisha akaingia ndani kutoa viti.

Baada ya mazishi kinamama waliosha masufuria ya pilau kwa sabuni ile. Nilichuchumaa karibu nao, nikiangalia povu.

"Huyu katumwa kutukagua?" mmoja akanitania. "Sabuni imeshika hii! Nani kakoroga?"

"Mwanangu," mama akajibu kutoka mkekani. "Hakugeuza mkono."

Nikainamia povu.

Siku hizi wanangu hunicheka nikikoroga chai. "Baba, geuza basi, utachoka!"

Nawaambia ndiyo mazoezi pekee ninayoyaweza.