Vidole vya Maji vya Kipkosgei

Hakuna atakayeamini, lakini hapa Sosiot palikuwa na mtu aliyejipa kazi ya mnyama. Wacheni kucheka. Mjomba wenu anayewaandikia haya aliacha shule darasa la sita, si kwa ujinga, ni vile mwalimu alikuwa ameishiwa na ya kumfundisha, anajua anachoandika. Na mwenyewe, Kipkosgei, ameketi hapa kando ya meza, amefumba macho kama aliyelala.

Chini ya shamba lake la majani chai palikuwa na kinamasi, na kinamasini chemchemi. Mwaka wa themanini na tisa Kipkosgei alipanda miti ya blugamu mia mbili pale pale, maana ndipo zingekua upesi. Kijiji kikamsifu, mjomba wenu akiwa wa kwanza. Blugamu zikanywa maji. Zikanywa hadi tope, kisha vumbi. Mkewe Rodah akawa anashuka mtoni na kuupanda mlima na mtungi mgongoni, miaka mitano, mpaka siku ile ya mwaka wa tisini na sita alipoteleza na mtungi ukamwangukia. Hospitali ilimrudisha akiwa mtu wa kulala tu.

Hakumlaumu mumewe hata mara moja. Hilo ndilo lililomla Kipkosgei.

"Nikinywa tena maji ya pale chini," Rodah alisema, "nitatosheka."

Ndipo akaja Nyatichi, binti wa Kisii aliyesomea mito chuo kikuu. Kitabuni mwake mlikuwa na picha ya biva, mnyama wa Kanada, mkia kama mwiko. Huangusha miti kwa meno, huziba kijito kwa magogo na tope. Maji hutulia, huzama ardhini, na bonde lililokufa hufufuka. Watafiti wa huko walikuwa wamepima wakaona ni kweli.

"Wanauza?" Kipkosgei akauliza.

"Mzee! Huku hawezi kuishi. Lakini kazi yake unaiweza. Anza kwa kutoa hizo blugamu."

Zilikuwa za kujengea nyumba ya Rodah. Akazikata zote, akazilaza mkondoni, akakandika tope na mawe. Vijana waliobeba vikapu vya majani wakawa wanamwita kutoka barabarani, "Wee Meno! Mkia umeuacha wapi?" Jina hilo, Mungu amsamehe, lilitungwa na mjomba wenu.

Nyatichi alimwachia kijiti cha kupimia na daftari. Kila asubuhi Kipkosgei alipima kina cha maji kwa upana wa vidole vyake, akaandika. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Siku moja baada ya mvua, nusu kidole. Kesho yake, hakuna.

"Maji imefika wapi, Baba Chebet?" Rodah aliuliza kila jioni.

"Vidole viwili."

Wiki iliyofuata, vitatu. Daftarini hakuwahi kudanganya. Kitandani alidanganya kila jioni.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo Rodah akasema, "Basi niletee nionje."

Kipkosgei akashuka, akakipita kinamasi bila kukitazama, akaenda hadi mtoni na kujaza kikombe cha bati. Akamwinua mkewe kichwa. Rodah akaonja kidogo, akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Hii ni ya mto," akasema. "Nimeibeba miaka mitano. Naijua."

Kipkosgei akainamisha uso.

"Usilie. Na usiache kule chini. Ila kunidanganya, uache."

Rodah alizikwa Jumamosi iliyofuata. Jumatatu Kipkosgei alikuwa tena kinamasini na jembe lake, na barabarani hakuna aliyemwita Meno.

Mvua kubwa za mwisho wa tisini na saba zikafagia kila gogo. Akaanza upya, peke yake, akipima, akiandika hakuna. Mpaka kiangazi cha tisini na tisa, mto wenyewe ukiwa umekonda, alipochuchumaa asubuhi moja penye kijiti akaona maji yakitoka chini ya yale mawe ya zamani, meupe, baridi ya kuuma meno. Akachota kwa kikombe kile cha bati, akapanda nacho hadi kaburini, akamimina polepole.

Na mjomba wenu alikuwepo, aliona kwa macho yake yote mawili: maji yalikuwa yamemfika Kipkosgei kiunoni, kambare wanaruka, korongo kumi na wawili wametua, na hata ng'ombe wa mbali kule Siongiroi walisikia harufu waka—

"Kidole kimoja," Kipkosgei anasema, bila kufumbua macho. "Andika kidole kimoja."