Kikombe cha Tatu, Bila Shayiri

Marafiki, leo nimemwomba mama mkwe wangu busu.

Ngojeni, msicheke bado!

Mnajua tumbo langu halipatani na shayiri. Basi Otieno wangu amerudi kutoka Homa Bay na bia mbili zisizo na shayiri, ya mtama na ya muhogo. Akanifunga macho kwa leso ili nizionje na kuzilinganisha. Upepo wa ziwa unaingia mlangoni, na mimi naelea tu kwa mapenzi.

Ya kwanza nyepesi, tamu kidogo.

Ya pili chungu, lakini inapendeza.

Kisha kikombe cha tatu. Kizito, kichachu, kina harufu ya moshi. Jamani!

"Hii ndiyo imeshinda, mpenzi. Niongezee, na busu juu yake."

Sauti ya kike ikajibu:

"Busu utapewa na bwana wako. Mimi nina pombe tu."

Nikavuta leso. Mama mkwe, na kibuyu chake! Otieno nyuma yake anacheka hadi machozi.

Siku ya harusi nilikataa kibuyu hichohicho, nikidhani kila pombe ina shayiri. Tangu hapo ananiita "nyar Kegonga mwenye maringo", yaani binti wa Kegonga anayejiona.

"Hii ni wimbi na mahindi, nyathina," akasema, akiniita mwanangu, kwa upole kabisa. "Si ungeuliza?"

Akajaza kikombe, akaonja kwanza kama mpishi wa pombe anavyopaswa, akanipa.

Nikanywa palepale alipoweka midomo.

Sasa niambieni, hilo si busu?