Kipima Moshi cha Kimandolu

Jumatatu nilikuwa Kimandolu, kando ya barabara kuu, nikisubiri hindi langu liive, akaja mtaalamu kijana na kompyuta begani. Kazi yake ni kukadiria moshi wa magari, na jambo moja lilikuwa limemchanganya: Jumapili magari ni machache, lakini kipimo chake kinaonyesha moshi mwingi kuliko siku zote.

"Shikamoo mama. Kile kifaa nilichofunga pale kwenye nguzo kiko wapi?"

"Marahaba. Si uliniambia nikutunzie? Pale wangekiiba." Mama mchoma mahindi akaonyesha kwa pepeo juu ya jiko lake. Kilikuwa kinaning'inia hapo, cheusi kama sufuria ya kande.

"Na Jumapili?"

"Jumapili ndiyo siku yangu, mwanangu! Watu wakitoka ibadani nawasha majiko mawili."

Kijana akashika kichwa, akakizima kifaa. Papo hapo likapita lori, likatumwagia moshi mzito tukakohoa wote watatu. Mama akayafunika mahindi kwa kanga.

"Huo nao umeupima?"

"Nimeshazima, mama."

Kompyuta haitaujua moshi ule. Leso yangu nyeupe niliyozibia pua inaujua, na mke wangu ameshaifua mara mbili.