Feni ya Umeme kwenye Pikapu ya Baba

Siku ile kule Kakiika, pembeni mwa Mbarara, tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu wawili, na fundi, askari mstaafu aliyetengeneza magari nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa nimeacha shule ili niendeshe pikapu ya marehemu baba. Kubeba maharage ya watu kutoka Nakivale hadi Mbarara ndiko kulikotulisha. Sasa feni iliyozungushwa na mkanda ilikuwa imevunjika, na injini ilichemka kila mlima.

“Wee, uza hii chuma,” fundi alisema.

“Siuzi, afande. Funga feni ya umeme.”

Akafunga moja aliyoitoa kwenye gari bovu. Ilizunguka vizuri, lakini injini ikachemka hata tukiwa tumesimama. Mdogo wangu wa kike akavua kitambaa cha kichwa, akakishika mbele ya rejeta. Kikapeperuka kumrudia usoni.

“Yaya, upepo inatoka inje! Haiingie mu mashini!” aliniambia mimi mkubwa wake.

Fundi akacheka. “Kumbe fundi ni huyu.”

Yeye mwenyewe alikuwa amegeuza nyaya za feni, ikazunguka kinyume. Akazibadilisha, na kitambaa kikavutwa kikanata kwenye rejeta. Injini haikuchemka tena.

Fundi hakutaka pesa. Alitaka nimbebee mama yake mavuno kutoka Oruchinga, safari tatu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda ya kwanza. Zikabaki mbili.