Amoit na Watoto Ishirini

Amoit anauza mitumba ya watoto soko la Malaba, na kibanda chake kimegusana na changu. Mimi ni Ziada, fundi wa cherehani. Akiuza suruali iliyo ndefu kuliko mtoto wa mteja, ananirushia niikate pindo, nami nakata huku nanung'unika, maana kwake kila kitu ni cha haraka. Tumekaa hivyo miaka kumi na mmoja, na sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Watu wanasema ile shule ya viziwi iliyoko njia ya kwenda Chakol ililetwa na serikali. Serikali ilileta kibao cha langoni na walimu, na tunashukuru. Yaliyotangulia yalikuwa kazi ya Amoit. Sehemu ndogo ilikuwa yangu, na ningependa kuiruka, lakini nikiiruka ataisimulia yeye, na ataitia chumvi.

Amoit ana sauti ya kumsimamisha mnunuzi aliyeko upande wa Uganda. Mungu akampa mtoto asiyeisikia. Arnold alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka mmoja, akalazwa hospitali ya Nangina wiki tatu, akapona. Alirudi nyumbani mnene, mtundu, mwenye afya tele, ila masikio yalikuwa yamekwisha. Baba yake, Ongodia, ni utingo wa malori ya Juba na huonekana nyumbani Krismasi na msibani. Kwa hiyo mambo ya Arnold yalikuwa ya Amoit.

Alimpeleka shule ya kawaida. Mwalimu akamweka dawati la mwisho, na huko Arnold akalala usingizi kwa mihula mitatu. Ripoti ikaja nyumbani imeandikwa: "Mtulivu sana. Hasumbui." Amoit aliisoma pale kibandani, akanyamaza. Nilishtuka, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona akinyamaza. Kisha akavuta pazia la kibanda chake, akaniachia nimlindie, akaenda ofisi ya elimu akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni, tena tepu yangu.

Huko walimweleza vizuri tu. Shule za viziwi ziko mbali na zimejaa. Serikali iko tayari kufungua moja ya eneo zima, Teso yote, Bukhayo, mpaka Funyula kule, lakini kwanza apatikane jengo, na wapatikane watoto ishirini waliopimwa na kuthibitishwa na afisa. Bila ishirini hakuna shule. Jengo alilipata kwa wiki mbili: ghala kuukuu la pamba la ushirika, lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo ili pamba isipate unyevu. Kamati ya ushirika ilikubali kwa sharti moja. Mwisho wa Juni ukifika bila watoto ishirini, ghala linakwenda kwa mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akilitaka.

Arnold alikuwa na miaka tisa na hakujua kuandika jina lake. Tulikuwa mwanzo wa Mei.

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna tabia moja. Mgeni akiingia bomani na daftari na kalamu, tunajua ni kastamu, mtu wa ushuru, hatungoji aseme anatafuta nini. Tunakana. Sukari na mayai ya magendo kutoka Uganda vinaingia chini ya kitanda, mafuta ya kupikia yanaingia kwenye tenga la kuku, na mwenye nyumba anatoka na uso wa mtu aliyeamka kusali. Hatufikirii, mikono yenyewe inafanya. Na Amoit, kwa kutaka kuonekana mtu wa maana, alikuwa amenunua daftari kubwa jeusi.

Nilifuatana naye Jumapili ya kwanza. Tulifika kwa mzee mmoja, Okwakol, fundi wa baiskeli.

"Habari ya hapa mzee?"

"Mzuri. Hapa hatuna kitu."

"Sijauliza kitu. Nauliza kama uko na mtoto hasikii."

"Madam, haya mayai ni ya kuku wangu. Hata kuku ndiyo yule, unaweza muuliza."

"Mzee, mimi natafuta mtoto!"

"Mtoto hakuna. Mayai ni ya hapa hapa."

Tulizunguka boma kumi na nne siku hiyo. Kwenye daftari hakukuwa na jina hata moja, ila tulikuwa tumeapiwa juu ya sukari, mchele, sabuni, na godoro moja ambalo mwenyewe alisisitiza amelirithi. Wengine walificha watoto kwa mazoea tu, jinsi walivyoficha vingine. Wengine waliwaficha kwa aibu, na hilo liliniuma, nikataka kuwatukana. Amoit akanivuta mkono.

Jumapili iliyofuata aliacha daftari nyumbani na kumchukua Arnold. Tulirudi kwa Okwakol, akapiga magoti kupanga nguo zake kwenye turubai, kama muuzaji yeyote, akazungumza bei. Arnold hakuwa na habari na biashara. Alizunguka nyuma ya nyumba, na baada ya muda tukamwona anarudi amemshika mkono msichana mrefu, Akiteng, binti wa mzee, mwenye manyoya ya kuku kichwani. Walikuwa wanapigiana ishara kwa mikono, ishara za kujitungia wenyewe, na wanacheka. Okwakol aliwatazama, akanitazama mimi, akamtazama kuku.

"Huyo," alisema pole pole, "si wa biashara."

"Najua mzee," Amoit akasema. "Ni wa shule."

Tangu hapo Arnold ndiye aliyewatafuta. Anaingia boma, anatoweka, anatoka na mwenzake. Kufikia mwanzo wa Juni walikuwa ishirini na wawili.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Amoit hakulala vizuri. Alihofu wawili watatu wasiletwe siku ya kupimwa na hesabu ivunjike. Mimi, kwa kumwonea huruma, nikamwambia mteja mmoja, mmoja tu, kwamba nimesikia kila mtoto atakayeandikishwa atapewa godoro jipya na blanketi. Nilidhani itawatia wazazi moyo. Mteja yule alikuwa anaishi Malaba, na Malaba habari ya godoro haihitaji redio.

Siku ya kupimwa tulikuta ghalani watoto sabini na wanne. Niliwatambua wengine. Mmoja alikuwa anaimba kwaya. Mwingine alikuwa amenunua uzi kwangu asubuhi ileile na kunidai chenji. Wazazi walikuwa wamewakalisha kando wakiwafunza.

"Ukiitwa, usigeuke. Hata nikiitwa mimi, usigeuke. Hata nyoka."

Afisa aliyekuja aliitwa Wabwire, mtu msafi, mwenye haraka, mwenye gari dogo aliloegesha kivulini. Alikuwa na mashine nzuri ya kupima masikio ndani ya sanduku. Alipoichomeka, stima zikapotea. Tulingoja saa moja, tukangoja ya pili. Wabwire akaangalia saa, akaomba debe na rungu.

Njia yake ilikuwa hii: mtoto asimame katikati ya ghala, peku, akitazama ukuta. Afisa anapiga debe sakafuni nyuma yake. Akigeuka, anasikia. Asipogeuka, ni kiziwi. Fomu ilikuwa na safu mbili tu, na Wabwire aliiheshimu fomu ile.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa kwaya. Debe lilipigwa hadi popo wakatoka darini. Mtoto hakupepesa jicho. Amekua akipita mbele ya askari na kilo mbili za sukari ndani ya mkoba wa shule, debe litamfanya nini? "Kiziwi," akaandika Wabwire. Akaja wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote mawe. Sijawahi kuona watoto wenye nidhamu namna ile.

Kisha akaitwa Arnold. Debe likapigwa, mbao zikatetemeka chini ya nyayo zake, na Arnold akageuka mara moja kuona nani anayebomoa nyumba.

"Anasikia," akasema Wabwire, akaandika.

"Hasikii!" Amoit akaruka. "Ni mbao! Anaskia na miguu! Nyumbani mimi humuita na kupiga teke kwa sakafu!"

"Mama, nimepiga, amegeuka. Mimi niandike nini?"

"Andika mbao!"

"Hakuna mahali pa mbao hapa."

Alipomaliza, viziwi walikuwa hamsini na wawili, wote wazima masikio. Wanaosikia walikuwa ishirini na wawili, na kati yao hakuna aliyewahi kusikia hata radi. Wale hamsini na wawili aliwatoa nje wapange foleni ya kuandikishwa. Wetu walibaki ndani, wakacheza.

Okwakol alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliposikia afisa akisema Akiteng anasikia, aliinuka, akaenda hadi kwa binti yake, akainama sikioni mwake. "Akiteng," akaita. Akaita tena, kwa upole, na mara ya tatu kwa nguvu. Mtoto alihisi pumzi yake shingoni, akacheka, akampangusa uso. Okwakol akarudi kukaa. Wakati huo nilijichukia kabisa. Ningeweza kuula ulimi wangu na chumvi.

Amoit hakupiga kelele tena. Alikuwa amesimama katikati ya ghala lile alilolihangaikia, ameshika kiatu kimoja cha Arnold. Alijua kinachofuata. Orodha itapelekwa ofisini, watu wataigundua ni ya uongo kabla ya wiki kwisha, na Juni itaisha. Arnold atarudi dawati la mwisho.

Basi nikapandwa na hasira. Nilikuwa na hasira na Wabwire, na wale wazazi, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Nikatoka nje, nikazunguka kona ambapo foleni haikuniona, nikavuta pumzi, nikapiga ukelele:

"Kastamu! Kastamu wamekuja!"

Sikuwa nimemaliza neno la pili. Viziwi hamsini na wawili walitawanyika. Walioingia kwenye mahindi waliingia, walioruka ua waliruka, mtoto wa kwaya alipanda mti. Wazazi walikimbia mbele ya watoto. Mama mmoja alikimbia akiwa amebeba mtoto ambaye si wake. Na Bwana Wabwire, fomu mkononi, alikwenda mbio moja kwa moja hadi kwenye gari lake, akafungua buti, akavua koti, akafunika trei sita za mayai.

Vumbi lilipotulia alibaki pale, mkono juu ya koti. Nilitokea kwenye kona.

"Ni ya kuku wa nyumbani," akasema.

"Kabisa," nikamwambia. "Na hapa kwa foleni umebakisha viziwi wangapi?"

Alitazama uwanja mtupu. Akatazama mti, mtoto wa kwaya akajificha uso. Amoit alikuwa ametoka mlangoni, naye akamshika afisa mkono wa shati, akamsimamisha kwenye udongo, nje ya ghala, asiguse mbao hata kwa kidole.

"Sasa ita."

Wabwire aliita. Kwanza kwa sauti ya ofisini, kisha ya nyumbani, mwishowe akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka: "Kastamu! Moto! Nyoka!" Ndani, watoto ishirini na wawili walikuwa wamewapa mgongo, wanachora kwa mkaa ukutani. Hakuna aliyegeuka. Arnold alikuwa anamchora Wabwire na debe, na alimwongezea tumbo.

Wabwire aliipindua fomu, akaandika upya upande wa nyuma, jina kwa jina. Wiki iliyofuata alirudi na mashine, stima zikiwepo, na hesabu ikatoka ileile. Sitamsema vibaya zaidi ya hapo. Juni ilipoisha tulikuwa tumeshapaka ghala rangi.

Shule ilifunguliwa Septemba, bweni na darasa, na akaletwa mwalimu aitwaye Mourine ambaye mwenyewe ni kiziwi. Arnold alikwenda bwenini bila kugeuka kumtazama mama yake. Amoit alilia hadi soko likafungwa. Kisha yakaja mambo ambayo hakuyatarajia. Mtoto alirudi likizo akiwa na maneno mengi mikononi, maneno ya watu wote, si yale yao mawili matatu ya nyumbani, na mama hakuelewa hata moja. Alikuwa amempatia mwanawe lugha, na yeye kabaki nje ya mlango.

Basi kila Jumamosi anafunga kibanda saa sita na kwenda darasa la wazazi. Anakaa kwenye benchi dogo karibu na Okwakol, na wote wawili wana vidole vigumu. Mourine anawacheka waziwazi. Arnold hupita akamrekebisha mama yake kwa kumpiga kofi kwenye vidole.

Siku ya wazazi ya muhula wa pili nilifuatana naye. Alikuwa amebeba bakuli la omena za kukaanga, dagaa wazima wa ziwani, kwa sababu ndicho chakula ambacho Arnold hula siku zote na kumaliza. Arnold alifungua bakuli, akatazama ndani, akalifunika. Akalisukuma pembeni. Halafu akaanza kuongea na mama yake kwa mikono, pole pole, kwa subira nyingi, jinsi mtu anavyomweleza mtoto mzito wa kuelewa.

Amoit alirudia kila ishara ili ahakikishe, akinitafsiria kwa sauti inayopanda. "Anasema, mama. Anasema, mimi, omena, sipendi. Anasema macho yao yananiangalia." Akamuuliza mtoto: tangu lini? Arnold alionyesha nyuma ya bega lake, mbali, mbali kabisa.

Alikuwa amekula omena miaka yote hiyo kwa kukosa namna ya kukataa. Amoit aliketi kwenye nyasi, akacheka, akalia, akachanganya vyote viwili, na wazazi wengine wakadhani kuna msiba.

"Ziada, umeona? Mtoto wangu amenigombeza!"

Omena tulizila sisi, mimi na Okwakol. Jumamosi iliyofuata Amoit alipeleka maharagwe, akarudi sokoni jioni na malalamiko mawili mapya ya Arnold, akawasimulia wateja wote mpaka nikamwomba aniache nishone.